Daftari la Majaribio, Barabara ya Kipushi

Jaribio la kumi na saba halikuwaka.
Nimeandika hivyo tu, kwa wino wa buluu:
halikuwaka. Injinia Kabwit alisimama mbele ya jukwaa
mikono kiunoni, kama mtu aliyefika msibani
akamkuta marehemu anakunywa chai.

Kazi yangu mimi ni kuandika.
Saa, upepo, joto la valvu, sekunde za moto.
Kabla ya hapa nilihesabu magunia Kasumbalesa;
yalipita mpakani, sikujua yaendako.
Hapa najua: juu, halafu chini.
Kilomita mia, dakika kumi na mbili, kisha porini
ambako vijana wawili wa pikipiki wataiokota roketi,
kama haikutua kwenye mihogo ya mtu.

Hiyo siku haijafika. Kwa sasa tunaifunga injini
kwa bolti kwenye zege, tunaisihi ikae.

Udongo wa huku ni mwekundu hata mateni.
Kiwanja tulikipima kati ya vichuguu viwili
virefu kuliko handaki tunamojificha.
Mchwa hawakuhama. Injini ikinguruma
wanatoka na udongo mdomoni, wanaziba nyufa,
wanarudi ndani, kama vibarua
waliokwisha kuona makampuni mengi.

Jaribio la kumi na nane: sekunde nne.
Mwali ulitoka mweupe, kisha pembeni
ukaingia kijani.
"Shaba," alisema Kabwit, uso ukamshuka.
Ukuta wa injini ulikuwa unajila.
Baba yangu angeitambua rangi ile.
Miaka ishirini na sita aliitazama tanuruni,
akarudi nyumbani nayo kwenye mikunjo ya leso.
Sisi watoto tulisoma bomba la kiwanda kama saa:
moshi ukitoka, kuna bukari na samaki;
usipotoka, kuna uji, na hakuna maswali.

Kesho yake akaja Mama Chola
na ndoo tatu tupu. Akazipanga mezani, mbele ya mkurugenzi.
"Ngurumo yenu imeangusha vinkubala vyangu
vikiwa bado vidogo kama kucha.
Nani atanunua kiwavi ambaye hajashiba?"
Mkurugenzi alimweleza habari za anga,
habari za vijana, habari za nchi.
Mama alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.
"Na hicho chenu, kikifika huko juu,
kinarudi na nini?"
"Vipimo, mama."
"Vipimo vinapikwa na nyanya?"

Nilicheka. Nikatazamwa. Nikaandika:
Hasara, ndoo tatu. Shahidi, mimi.

Tulilipa. Na mkataba ukaongezwa kifungu:
tangu mvua za kwanza hadi vinkubala vinenepe,
hakuna moto.
Wageni wenye hisa walipiga simu, wakauliza
kama hilo ni neno la kitaalamu.

Kabwit aliitumia miezi hiyo kuchimba upya
mifereji ya kupoza ukuta, myembamba kama unywele,
kwa mashine aliyonunua kwa daktari wa meno wa Kamalondo.
Bado ina sauti ileile. Mlinzi wetu, Numbi,
akiisikia anashika shavu.

Jaribio la kumi na tisa, leo asubuhi.
Sekunde sitini na moja.
Mweupe mwanzo, mweupe mwisho.
Kifua changu kilitetemeka kama bati;
ukurasani kuna mstari uliopinda, kalamu ilipoteleza,
nami nimeuacha, maana nao ni kipimo.

Kisha kimya, majani yakidondoka moja moja,
na ng'ambo ya uzio Mama Chola
akikagua miti yake kwa sauti, mti kwa mti.

Jioni ameleta kopo la vinkubala vikavu.
"Hivi vipande kwanza," amesema. "Vikirudi,
nitajua mlikofika."
Nimepima: gramu mia moja na arobaini.
Kabwit amemwambia nafasi ipo.
Haipo. Nimeiona michoro.
Lakini sasa ni saa tatu usiku, taa ya karakana inawaka,
naye anafungua betri,
anatafuta cha kupunguza.